Chumba Kinachopata Upepo: Kulala Katika Hoteli ya Zamani Mombasa

Mtu akiniuliza alale wapi Mombasa, mimi humuuliza kwanza anakuja mwezi gani. Wengi hushangaa. Walitarajia niwatajie jina la hoteli na bei, basi yaishe. Lakini hoteli za zamani za mjini, zile zilizojengwa kabla viyoyozi havijajulikana, zilijengwa na watu walioujua upepo, na chumba kilekile ndani ya jumba lilelile chaweza kuwa cha raha mwezi wa Januari na cha taabu mwezi wa Julai. Anayechagua kwa picha za simuni amechagua shuka na pazia tu. Upepo haupigwi picha.

Nazungumzia hoteli za kisiwani, si za ufuoni. Nyali, Bamburi, Shanzu na Diani zina hoteli zao na wapenzi wao, na sina ugomvi nao. Mimi moyo wangu uko mjini: Mji wa Kale na vichochoro vyake, Nkrumah Road, na Moi Avenue ambako Hoteli ya Castle, jengo la mwaka 1909, bado linatazama barabara wakati majirani zake wengi wamekwisha bomolewa na kujengwa upya. Ukilala mjini, unatoka mlangoni na Mombasa ndiyo hiyo. Huhitaji gari la kukupeleka "kuiona".

Mji huu umelaza wageni tangu zamani. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipita hapa mwaka 1331 akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja, akaandika habari za misikiti ya mbao na watu wanaonawa miguu kabla ya kuingia. Yeye alikuwa mpita njia. Wafanyabiashara waliokuja na majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi walikaa zaidi sana, kwa sababu kaskazi, upepo uliowaleta, hauwezi kuwarudisha. Ilibidi wangojee kusi, upepo wa upande mwingine. Mgeni wa miezi hakuwa mtu wa kulazwa barazani. Alipewa chumba, na chumba chenyewe kikawa na adabu zake: kinapokaa, kinachoangalia, nani anakipita akienda uani. Hoteli za kulipia zilikuja baadaye, reli ilipoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896 na meli zikawa zinashusha maafisa, wahandisi na wasafiri wasio na ndugu mjini. Wakati huo abiria alipandishwa kigari kidogo cha reli, kinasukumwa na watu kwa mikono, hadi alipofikia. Mji umebadilika, lakini jua na pepo ni zilezile, na ndiyo maana naanza na mwezi.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Katikati ya mwaka jua huwa limehamia kaskazini, na kusi huvuma kutoka kusini mashariki. Kuanzia Desemba hadi Machi mambo hugeuka: jua liko kusini, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki. Sasa fikiria barabara kama Moi Avenue, ambayo kwa kukadiria inakwenda mashariki hadi magharibi, kwa hiyo majumba yake yana vyumba vinavyoangalia kaskazini na vinavyoangalia kusini. Ukija Julai, chukua cha kusini: jua liko nyuma ya jumba na upepo unakupiga usoni. Ukija Januari, chukua cha kaskazini kwa sababu hizohizo zikiwa zimegeuzwa. Watu wawili watakaa hoteli moja, bei moja, kitanda cha aina moja, na mmoja atalala usingizi wa mtoto huku mwenziwe anageuza mto upande wa baridi usiku kucha.

Mji wa Kale una bahati zaidi. Uko upande wa mashariki wa kisiwa, unaangalia bandari ya kale na Nyali ng'ambo, kwa hiyo chumba chenye dirisha la mashariki hupata pepo zote mbili, kusi kwa ubavu mmoja na kaskazi kwa ubavu mwingine. Kinachoteseka mwaka mzima ni chumba cha magharibi. Jua la alasiri hukiingia moja kwa moja, ukuta unakunywa joto mpaka jua litue, kisha unakutapikia usiku unapotaka kulala. Na kile cha juu kabisa chini ya mabati, ambacho wenye hoteli hupenda kukisifu kwa mandhari, kikwepe mwezi wa Machi na Oktoba jua linapopita juu ya utosi.

Nilipewa kazi ya kutafutia wazee malazi, harusi yetu ikiwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale. Wengine walikuwa wanatoka Nairobi, wengine Malindi, na shangazi yangu mkubwa alikuwa na magoti ya kuuma. Nikapiga simu hoteli moja iliyo katika jumba la kale.

"Masalkheri, dada. Nataka vyumba vya wazee."

"Masalkheri, mama, karibu. Tuna vya kawaida na vya daraja la juu. Vya juu vina televisheni kubwa."

"Niambie dirisha la kila kimoja laangalia wapi."

Akanyamaza kidogo. "Laangalia nje, mama."

Hakuwa na kosa, binti wa watu. Alikuwa amefunzwa kuuza vyumba kwa orodha. Nikamwomba anipe yeyote anayevisafisha. Akaja mzee mmoja kwenye simu, nikamwamkia, naye hata hakungoja nimalize swali. "Mwanangu, chukua kile cha pembeni, orofa ya kwanza. Kina madirisha mawili, upepo waingia huku watokea kule. Kile cha daraja la juu kina dirisha moja tu, na mbele yake kuna ukuta wa jirani." Tangu siku hiyo siulizi mapokezi mambo ya upepo. Anayetandika vitanda ndiye anayejua chumba kipi kina jasho, kipi kina mbu na kipi mgeni huomba kuhamishwa usiku wa kwanza.

Ngazi ni suala la kuuliza wazi kabla ya kulipa hata shilingi. Majumba ya kale mengi hayana lifti, na ngazi zake zimesimama wima, vidato virefu, kwingine bila cha kushika. Mtu atakwambia "ni orofa ya pili tu" kwa moyo mweupe kabisa. Kwa mwenye magoti mabovu, chumba cha chini kina unafuu wa ngazi, lakini kina kelele za mlangoni, mbu, na upepo unaopita juu ya kichwa chako bila kuingia. Orofa ya kwanza ndiyo niipendayo kwa wazee: ngazi ni moja ya kukaza meno, kisha mtu anapumua. Shangazi alipanda polepole akipumzika katikati. Alipoingia hakuutazama mto wala bafu. Alikwenda dirishani, akasukuma kibao cha chini kwa nje, kile chenye bawaba juu kinachomwezesha mtu kuona ndia bila yeye kuonekana, akasimama hapo. "Hiki ndicho," akasema, akavua baibui akakaa.

Chumba chenyewe, ndani ya nyumba za asili za Mji wa Kale, mara nyingi ni kirefu na chembamba. Mgeni hudhani amepunjwa. Sababu iko darini. Inua macho uone boriti, miti ya mikoko iliyopangwa sambamba, mingine imepakwa rangi nyekundu au nyeusi. Mti wa mkoko unaoweza kubeba dari ya mawe na chokaa hauzidi sana mita 3 kwa urefu wake wa kufaa, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti, siyo na mwenye nyumba. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini vidaka vimechongwa ndani ya ukuta: hapakuwa na nafasi ya kabati, na ukuta mnene ulikuwapo. Basi usiombe vitanda viwili vikubwa ndani ya chumba cha boriti. Watavitia, kwa sababu wanakutaka, na utakuwa unapita kwa ubavu kuelekea chooni.

Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu. Pale plasta ilipobanduka unaweza kuona jiwe lenyewe na vitundu vyake vidogovidogo, nyota ndani ya nyota, kama vile bahari imeacha maandishi yake. Jiwe hilo hupumua. Linavuta unyevu na kuutoa, na chokaa juu yake huuruhusu upite. Tatizo huanza mtu anapofanya ukarabati kwa haraka na kuipaka kuta saruji na rangi ya mafuta. Unyevu wa chumvi hukosa pa kutokea, huungojea ukuta upasuke, na chumba hunuka uvundo hata kama kimepakwa rangi juzi. Kwa hiyo nikiingia chumba cha jumba la kale huweka kiganja ukutani chini, usawa wa goti, upande wa nyuma ya kitanda. Hutazama kama rangi imefanya malengelenge au imetoa unga mweupe wa chumvi. Kisha hufungua kabati na kunusa. Kazi hii ni ya dakika moja na hakuna maelezo ya mtandaoni yanayoweza kuifanya badala yako. Hoteli inayorudisha chokaa kwenye kuta zake inastahili pesa zaidi, na mimi hulipa bila kusita, maana najua fundi wa chokaa hapatikani kila kona siku hizi.

Majengo ya wakati wa mkoloni, kama yale ya Moi Avenue na Nkrumah Road, ni habari nyingine. Dari zao ziko juu sana, milango mipana, na veranda mbele inayokinga jua lisifike ukutani. Hapo swali kubwa ni kama veranda bado iko wazi. Hoteli kadhaa zimeziba veranda kwa vioo ili zipate vyumba zaidi, na jumba lililokuwa likipumua sasa linategemea kiyoyozi mchana na usiku. Uliza kama chumba kina roshani unayoweza kukaa, na kama kina pangaboi pamoja na kiyoyozi. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, au ikabeba taa peke yake, dari ndefu na dirisha linalofunguka ndivyo vitakavyokusaidia. Vilevile uliza jenereta imewekwa wapi, kwa sababu chumba kilicho juu yake hakina usingizi.

Maji nayo. Visima vya kisiwani vina chumvi, na mfereji wa mji haufunguki kila siku kila mtaa. Uliza kama ya bafuni ni ya mfereji au ya kisima, na kama tangi linatosha hoteli ikijaa. Nywele zitakwambia ukweli kabla ya wewe kuuliza.

Kuhusu sauti, nitasema waziwazi. Ukilala Mji wa Kale utaamshwa na adhana ya alfajiri, na haitatoka msikiti mmoja. Mandhry peke yake una mnara unaosimama tangu mwaka 1570 au karibu na hapo, na haukujengwa juzi kwa ajili ya kumsumbua mtalii. Asiyeitaka sauti hiyo achague hoteli kwingine badala ya kuja kuandika malalamiko. Mimi naiona ni saa nzuri ya kuamka. Joto halijapanda, vichochoro vimemwagiwa maji, na mahamri ya kwanza yanatoka kwenye mafuta. Moi Avenue haina adhana ya karibu hivyo, ina matatu na tuktuk, na hizo hazina wakati maalumu. Chumba cha nyuma kinachoangalia uani huwa na utulivu mkubwa, ila pima upepo wake kwanza.

Sasa mpango wa safari. Joto kali ni Februari na Machi. Mei ndiyo mvua. Julai na Agosti ni hali ya hewa ya kupendeza kuliko zote. Desemba na Pasaka bara lote hushuka pwani, tiketi za treni huisha mapema na bei za vyumba hupanda, kwa hiyo lipia malazi kabla ya usafiri ama vyote pamoja. Treni ya SGR, ile reli mpya ya kutoka Nairobi inayobeba abiria tangu 2017, hukushusha Miritini, nje ya kisiwa, na bado una safari ya gari kupitia Makupa, njia ya kuingilia kisiwani. Jambo ambalo wengi hawalipangi ni treni ya usiku: inafika kabla ya alfajiri, na chumba chako huenda hakitakuwa tayari mpaka saa nane mchana. Chagua moja: lipia usiku huo wa kwanza, au panda ya asubuhi. Kuwasinzisha wazee kwenye viti vya mapokezi saa tisa za usiku si jambo la kuwafanyia.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha kila kitu na mimi naupendekeza kwa mgeni mwenye subira. Mchana migahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, basi uliza hoteli kama inampikia asiyefunga na saa ngapi. Usiku, baada ya tarawehe, mji hufunguka upya: watoto njiani, viazi karai, mishkaki, kahawa chungu na kashata, watu wanatembeleana hadi karibu na daku. Chumba cha barabarani kinachoelekea huko hakilali, na pengine wewe pia hutataka kulala.

Siku za kukaa nasema zisipungue nne, na sababu yake ni jua la mchana. Mombasa ina asubuhi na ina alasiri; katikati watu wenye akili wako ndani. Fort Jesus hufungua saa mbili asubuhi, uende wakati huo, kabla kuta hizo za 1593 hazijashika moto. Vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 mbele ya ngome wakati imezingirwa, vinahitaji kutazamwa polepole. Ukitoka pita Ndia Kuu kwa miguu mpaka bandari ya kale, rudi kwa soko la Marikiti ununue bizari na achari, Biashara Street kwa leso. Saa sita iwe imekukuta chumbani. Ukae humo hadi alasiri, usome, ulale, uoge, unywe maji ya ndimu. Hesabu mwenyewe: katika siku nne utakuwa umekaa chumbani, macho yakiwa wazi, saa nyingi kuliko mahali pengine popote. Anayekwambia chumba ni pa kulaza begi tu hajawahi kukaa Mombasa mwezi wa Februari. Jioni ni barabara ya Mama Ngina kando ya bahari, mihogo ya pilipili na madafu, na upepo wa bure kwa kila mtu.

Ninalisema hili kwa uchungu pia. Kila mwaka jumba fulani la kale mjini linashuka, na linapoinuka ni sanduku la vioo lenye madirisha yasiyofunguka. Wamiliki hawabomoi kwa chuki. Kodi ni kubwa, boriti zinaliwa na mchwa, na mgeni anapita akienda ufuoni. Jumba linalopata wageni wanaolipa hupata chokaa, hupata seremala wa madirisha, hupata mtu wa kupaka mafuta milango. Nimewaona wenye hoteli wakirudisha veranda iliyokuwa imezibwa kwa sababu wageni walikuwa wakiiulizia. Maswali yako ya simuni, hata yakimchosha binti wa mapokezi, yanamfikia mwenye mali.

Ukishaamua, usikubali kuahidiwa "chumba kizuri". Omba nambari ya chumba, iandikwe kwenye ujumbe pamoja na orofa, upande wa dirisha, idadi ya vitanda na bei ya mkaazi kama una kitambulisho cha Kenya. Lipa amana kwa M-Pesa ya hoteli, si ya mfanyakazi binafsi, na uuhifadhi ujumbe wa malipo. Piga tena siku moja kabla ya kufika, uwataje wazee na ngazi. Na ukifika, kabla ya kutia sahihi kitabuni, omba waziwazi uoneshwe chumba chako na kingine cha bei hiyohiyo. Fungua madirisha ya vyote viwili, zima kiyoyozi, kaa kitandani kidogo katika kila kimoja. Begi liache mapokezi mpaka umalize.